Pikapu Iliyopiga Goti

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu, kama fimbo inayovunjwa gotini. Pua ya pikapu ikainama, usukani ukamponyoka Ganix Urruty mikononi, na gari zima likateleza kwa ubavu hadi chini ya korongo kavu, likajigonga kwenye mwamba na kutulia. Vumbi likawapita, likarudi, likawafunika.

"Dada, uko hai?" Ganix aliuliza.

"Ningekuwa nimekufa ningeshapumzika na uendeshaji wako," Kattalin alijibu huku akitema mchanga. "Zima injini."

Injini ilipozimwa ndipo waliposikia sauti ya pili, na hiyo ndiyo iliyowatoa mbio. Maji yalikuwa yanamwagika.

Nyuma ya pikapu lilikaa tangi la plastiki la galoni mia tatu, limefungwa kwa mikanda minne. Bomba lake la kutolea maji, lililokuwa limechomoza nje ya bodi, lilikuwa limekatwa na ule mwamba. Maji yalikuwa yanaruka, yanatua mchangani na kupotea humo humo. Kattalin akaweka kiganja, yakampiga usoni. Akaweka viganja viwili na bega, yakampitia shingoni.

"Niletee kitambaa! Na mti!"

"Kitambaa gani?"

"Chochote! Hicho hapo!"

Hicho hapo kilikuwa mshipi mwekundu wa sherehe, umepigwa pasi na kukunjwa juu ya dashibodi. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Wabaski, kabila la wazee wao, mjini Elko, na Ganix, pamoja na miaka yake hamsini na minane na kitambi chake, alipania kucheza mbele ya watu akiwa amejifunga mshipi huo.

"Huu ni wa babu!" alilia.

"Babu alikuwa mchungaji. Angekuwa wa kwanza kuutoa. Leta!"

Ganix akakata tawi la mreteni, akalichonga ncha kwa kisu cha mfukoni, akalizungushia mshipi wa babu na kulipigilia kwenye tundu kwa nyundo. Mkondo ukapungua, ukawa matone, kisha ukakoma. Ndugu wawili wakaketi chini wakiwa wameloa chapachapa, na jua la Julai likawakausha kabla hawajamaliza kuhema.

Alama ubavuni mwa tangi ilisoma galoni mia na tisini.

Maji hayo hayakuwa yao. Yalikuwa ya Fortunato Ñaupari, Mperu wa milimani, aliyekuwa na mwaka wa nne akiwachungia akina Urruty kondoo. Alikuwa kambi ya juu, maili kumi na nne mbele, yeye na mbwa wake Beltza na kondoo mia na arobaini. Jumanne alipanda kilima kirefu hadi akapata mtandao, akatuma ujumbe mfupi: chemchemi imekufa, nina pipa moja. Leo ilikuwa Alhamisi, na kwa hesabu yoyote ile pipa hilo lingeisha kabla ya jioni. Kondoo wakipata kunywa mara moja wakashiba, wangeweza kutembea siku mbili hadi chemchemi ya bondeni. Wasipokunywa wasingetembea kokote. Na Fortunato asingewaacha, hilo kila mtu Elko alilijua, kwa hiyo habari haikuwa ya kondoo peke yao.

Wa kuja kuwatafuta hakuwepo. Watu wote walikuwa mjini wakiandaa sikukuu, na wasingetoka huko hadi Jumatatu. Lami ilikuwa maili ishirini na sita nyuma yao, na simu huko haifai ila kumulikia.

"Nitembee," alisema Ganix. "Nibebe madumu mawili nimpelekee yeye na mbwa."

"Maili kumi na nne na jua hili? Utafika umeyanywa yote, au hutafika."

"Basi tupunguze maji, gari liwe jepesi, tuone kama..."

"Halafu tumpelekee Fortunato nini? Salamu?"

Kattalin akavaa miwani yake, akalala chali na kujivuta chini ya gari.

Mwanamke huyu alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia gerejini kwake akifanya alaimenti, kazi ya kunyoosha magurudumu. Watu walimletea magari yanayovuta kushoto, yanayokula tairi upande mmoja, yanayotetemeka usukani. Aliyatazama kama daktari anayemwambia mgonjwa atoe ulimi, na mara nyingi alijua ugonjwa kabla mwenye gari hajamaliza kulalamika. Alichokiona sasa alikijua tangu wiki mbili zilizopita. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limelalia ubavu, limekunjika kwa ndani. Boljointi ya mkono wa juu, kile kiungo kinachoushika mkono huo na gurudumu, ilikuwa imechomoka, kitunguu chake cha chuma kimetoka kwenye kikombe na kuning'inia hewani.

"Sema tu," Ganix alisema kutoka juu.

"Sijasema kitu."

"Unasema kwa kunyamaza."

Na alikuwa na haki ya kunyamaza hivyo. Ganix alikuwa ameinua mbele ya pikapu kwa spesa, yale mapete mazito ya alumini yanayowekwa juu ya shokapu ili gari lisimame juu. Pete moja si dhambi. Lakini binamu yao Pampili alipojitokeza kanisani na pikapu iliyozidi yake kwa inchi moja, Ganix alirudi nyumbani akaweka pete ya pili juu ya ile ya kwanza. Mikono ya juu, ile inayoshika gurudumu lisilale, aliiacha ileile ya kiwandani. Kattalin alimwambia mbele ya wateja kwamba hilo gari litamlaza porini. Ganix alicheka, akasema, "Dada, wewe nyoosha magurudumu, kuendesha niachie mimi." Huku kwetu kila mtu ana binamu wa namna ya Pampili, na kila mtu amewahi kuongeza pete ya pili kwa namna yake, ila wengi hawakuwa na kondoo mia na arobaini wanaowasubiri.

"Lete jeki," alisema Kattalin. "Na ubao wa kuwekea chini, mchanga huu ni laini. Tunatoa spesa zako."

"Zote mbili?"

Kattalin alikuwa tayari anachagua spana.

Wakafunga turubai kutoka mlangoni hadi kwenye mreteni, wakapata kivuli cha kutosha mtu mmoja na nusu. Kila chuma walichogusa kiliunguza. Spana walizitia ndani ya dumu la maji kabla ya kuzishika. Nati mbili za juu ya shokapu zilifunguka kwa upole. Ya tatu iligoma, na kwa saa nzima Ganix aliipiga, akaitukana kwa Kibaski, akaibembeleza kwa Kiingereza, hadi spana ikateleza na kumchana vidole viwili. Damu ilidondoka kwenye vumbi.

Kattalin alimfunga kidonda kwa kipande cha shati, kisha akamtazama usoni, akaacha kila alichokuwa akifanya. Paji la uso wa kaka yake lilikuwa kavu.

"Umekunywa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ipi, wewe?"

"Maji ni ya kondoo, dada."

"Kondoo hawajui kufungua nati. Kunywa!"

Alimshika kisogo kama alivyomshika alipokuwa na miaka minne akikataa dawa, akamnywesha vikombe vitatu, cha nne akammwagia utosini. Akamlaza kivulini, akamvua viatu na kumpepea kwa kofia. Kwa muda mrefu Ganix alitazama turubai na kusema maneno yasiyoeleweka, na Kattalin akazidi kumpepea. Kisha jasho likamtoka tena, akageuza kichwa, akauliza kwa sauti ndogo:

"Hebu nieleze. Kwa nini imechomoka?"

Katika maisha yao yote alikuwa hajawahi kumwuliza swali la gari. Kattalin alikaa vizuri.

"Nipe mkono. Unyooshe. Kiganja kikiwa sawa, kifundo hiki kinakwenda juu, kinakwenda chini, hakina taabu. Ndivyo mkono wa juu wa gari unavyotakiwa kulala, karibu bapa." Akakikunja kiganja cha kaka yake kwa chini mpaka kikagoma. "Sasa wewe umeweka pete mbili. Gari limepanda, gurudumu limebaki chini, mkono umelala mteremko hivi. Gari limesimama tu, na boljointi imeshafika mwisho wa kukunjika. Halafu ukapakia maji nyuma. Nyuma ikashuka, mbele ikafanyaje?"

"Ikapanda tena," Ganix alinong'ona.

"Ikapanda tena. Halafu ukaingia kwenye shimo kwa kasi, gurudumu likadondoka zaidi." Akakibonyeza kiganja kidogo tu. Ganix akapiga kelele. "Enhee. Na yenyewe ilipiga kelele hivyo hivyo."

Ganix akajifuta macho kwa mkono mzima, akacheka. Dada yake naye akacheka, na kicheko kikawapa nguvu kuliko maji.

Nati ya tatu ilitoka saa nane. Kattalin alikuwa ameingiza mkono hadi kwapani kuivuta shokapu pale ubao ulipopasuka na jeki ikazama. Ganix hakuita wala hakufikiri. Alimdaka mkanda wa suruali na kumvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka chali wote wawili, na gari likashuka kwa kishindo mahali mkono ule ulipokuwa.

Kattalin akakunja vidole vyake, akavihesabu.

"Kumi," alisema.

"Una hakika? Rudia."

Safari hii walirundika mawe bapa chini ya chasisi kabla ya kuiamini tena jeki. Shokapu ikatoka, pete mbili zikavuliwa, shokapu ikarudishwa peke yake. Mkono wa juu ukapanda wenyewe, ukalala karibu bapa, na Kattalin akaupapasa kama mtu anayeona ndugu aliyepona. Wakakirudisha kitunguu kwenye kikombe chake kwa jeki na nyundo. Midomo ya kikombe ilikuwa imepanuka, isingeshika yenyewe, kwa hiyo Kattalin akachukua mkanda mmoja wa tangi, akauzungusha mara tano kwenye mkono wa juu na chuma kinachobeba gurudumu, akaukaza kwa kikaza chake mpaka ukalia ukiguswa.

"Na upande wa kulia?" Ganix aliuliza.

"Una ugonjwa huohuo, ila bado haujalazwa. Hatuna muda nao."

Saa kumi jioni pikapu ilitoka korongoni ikisukumwa na magurudumu yake ya nyuma, mbele kulia imesimama juu kwa majivuno, kushoto imeinama inchi nne kamili. Ganix aliitazama kwa uchungu wa kweli.

"Kama Pampili angeniona."

"Ningelipiga picha nimwonyeshe mimi mwenyewe, simu isingekuwa imeisha chaji."

Walikwenda mwendo wa mguu. Ganix aliendesha na Kattalin alitangulia, akichagua njia, akinyoosha mkono kulia au kushoto, ili magurudumu ya mbele yasidondokee shimo. Kila nusu maili walisimama kukaza mkanda. Milima ilibadilika rangi, upepo ukapoa, sungura wakatoka vichakani kuwashangaa. Giza lilipoingia walikuwa wamemaliza maili tisa. Wakagawana mkebe wa maharagwe na mkate mkavu.

"Nakwambia ukweli," Kattalin alisema akitafuna. "Miaka yote napanda kambini kwenu. Mchungaji anageuza mkate, anauchora msalaba, anakata kipande cha kwanza. Nakitazama kinakuja. Kinanipita. Anapewa mbwa."

"Ndivyo walivyofanya wazee. Mbwa ndiye anayefanya kazi."

"Haya," alisema Kattalin, akajilaza kitini na kufunga macho.

Alfajiri wakaendelea. Maili tano zilizobaki zilikuwa nzuri, ila mwisho wake kulikuwa na ukingo wa mto mkavu, urefu wa mtu mmoja, uliojaa mashimo ya mvua za zamani. Ng'ambo yake wakaiona karavani nyeupe ya mchungaji, na kando yake kundi la kondoo limelala bila kusogea. Kundi lisilosogea asubuhi si habari njema.

Ganix akashuka garini.

"Dada, endesha wewe."

"Mimi?"

"Wewe una mguu mwepesi. Mimi natengeneza njia."

Na mtu yule aliyeinua gari lake ili aruke mashimo, akapiga magoti kwenye ule mteremko na kuanza kuyajaza, jiwe kwa jiwe. Aliweka jiwe chini ya tairi la kushoto, gari likasogea shubiri mbili. Akahamia kulia, akaweka jingine. Kidonda cha vidole kikafunguka, hakukitazama. Kattalin aliachia breki kwa ncha ya kidole cha mguu, kichwa nje ya dirisha.

"Mkanda unasemaje?"

"Unalia, lakini umeshika! Njoo... njoo... simama! Bado jiwe!"

"Harakisha, mtengeneza barabara!"

"Serikali haijanilipa!"

Katikati ya mteremko mkanda ulitoa sauti mbaya na uzi mmoja ukakatika. Kattalin alikanyaga breki. Ganix alijitupa chini, akautazama kwa karibu, akachomoa mkanda wake mwenyewe wa suruali na kuuzungushia pale palipochanika. Kuanzia hapo alifanya kazi akishika suruali kwa mkono mmoja. Ilichukua saa moja na nusu kushuka urefu wa mtu mmoja. Tairi la kushoto lilipogusa mchanga tambarare kwa upole kabisa, Kattalin aligonga honi mpaka mlima ukaitika.

Beltza alifika kwanza, mweusi, ulimi nje. Nyuma yake alikuja Fortunato akikimbia na kuyumba, midomo imepasuka, kofia mkononi.

"Bosi! Nilidhani mko Elko mnacheza!"

"Tulicheza njiani," Ganix alisema. "Umekunywa lini?"

"Jana asubuhi. Nusu mimi, nusu Beltza." Akalitazama gari, akainamisha kichwa upande mmoja ili alione sawa. "Mama Kattalin, gari la bosi linasali?"

"Linatubu," alijibu Kattalin. "Shika kikombe, kunywa polepole."

Kisha wakasogeza pikapu hadi kwenye hori, na Ganix akachomoa kigingi cha mreteni. Mshipi wa babu ukatoka nacho, umelowa, mwekundu kuliko ulivyokuwa mpya. Maji yakapiga bati la hori. Kondoo wa kwanza aliinua kichwa, wa pili akasimama, na ghafla kundi zima likawa linakuja, vumbi na sufu na kelele, wakisukumana, wakipanda migongoni mwa wenzao. Fortunato na Beltza waliwagawa makundi makundi ili wote wapate. Jike mmoja mzee hakuweza kuinuka, hivyo Kattalin akampelekea maji kwenye kofia yake, mara tatu. Mara ya nne jike akasimama na kuila kofia ukingo. Ganix alihesabu kondoo mia na arobaini, hakukosekana hata mmoja, akakaa juu ya tairi na kulia waziwazi, suruali mkononi.

Saa sita Fortunato alifukua sufuria yake nzito kutoka kwenye makaa, akatoa mkate wa duara mkubwa kama kiti. Mchuzi wa nyama kavu aliuweka mezani juu ya zile pete mbili za alumini, sufuria isiunguze mbao.

"Zinafaa sana hizi, bosi. Ni za nini?"

"Za hivyo hivyo," Ganix alisema. "Zako."

Beltza alikuwa ameshakaa mahali pake, masikio juu. Ganix akamwomba Fortunato kisu. Akaugeuza mkate, akachora msalaba chini yake kama walivyofanya wazee, akakata kipande cha kwanza, kinene, kinachotoa mvuke. Mbwa akalamba midomo. Mkono wa Ganix ukampita mbwa, ukaenda mpaka mbele ya dada yake na kusimama hapo.

Fortunato aliacha kumimina divai.

"Hicho ni cha Beltza," alisema Kattalin.

"Leo atangoja."

Kattalin alikitazama kipande, akalitazama gari lililopiga goti nyuma ya kaka yake. Macho yalimlowa na hakuyaficha. Alikichukua, akakimega katikati, akampa Beltza nusu, kwa sababu na yeye alikuwa na siku mbili kazini. Nusu yake akaing'ata.

Ganix alikohoa.

"Jumatatu nitalileta gereji. Uzitoe na za kulia."

"Panga foleni," alisema Kattalin, mkate ukiwa mdomoni. "Nyuma ya mbwa."